Bahasha Nyeupe, Bahasha ya Kijani

Jumatatu, 2 Februari

Nimepata kazi. Karani wa utafiti, majuma mawili, na nauli juu. Tangu nistaafu ofisi ya mifugo hakuna mtu aliyewahi kunipa kalamu tena.

Tumefunzwa leo Bungoma, katika ukumbi wa kanisa, watu kumi na wawili. Mkubwa wetu ni Madam Nyambu kutoka Nairobi. Mwembamba, mpole, anaongea polepole kama mtu anayemwogesha mtoto. Kuna msichana wa Moi's Bridge anaitwa Bilha, binti ya Ngige muuza mahindi. Alimsahihisha mkufunzi hesabu ubaoni, mbele ya watu. Sikumpenda.

Utafiti wenyewe. Wanataka kupima kama pesa inawavuta vijana jeshini. Kila kijana anapewa bahasha. Nyeupe inasema: ukijiunga na jeshi utapata mshahara wa kawaida. Ya kijani inasema: mshahara huo huo, pamoja na laki tatu mkononi siku ya kuingia. Hakuna pesa ya kweli, ni swali tu. Kijana anasoma, anasema angeenda au hangeenda. Mwishoni wanalinganisha. Wa kijani wakikubali kwa wingi kuliko wa nyeupe, basi pesa inavuta, na wakubwa wataombwa waitoe kweli katika usajili wa Machi.

Hapo nikaacha kuandika. Derrick.

Derrick ni kifungua mimba wangu. Miaka ishirini na mmoja, yuko nyumbani tangu amalize kidato cha nne. Kila asubuhi anakimbia kutoka hapa Matulo hadi barabara kuu na kurudi. Anasema ni mazoezi tu. Juma lililopita nilimsikia akimwambia mamake kwamba mshahara wa jeshi si mbaya, ila wangeongeza kitu mwanzoni angeenda hata kesho, amlipie dadake Joy karo.

Kwa hiyo ukosefu wa hiyo laki tatu ndio komeo pekee lililobaki mlangoni. Na leo nimeajiriwa kusaidia kulifungua.

Jumanne, 3 Februari

Niandike hili mara moja nisilirudie. Ndugu yangu Mukhisa alikuwa askari. Nauli ya kwenda kuandikishwa nilimpa mimi, nikamnunulia na soda. Miaka tisa iliyopita, Jumapili, simu ililia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa amefia ng'ambo ya mpaka. Jeneza lililetwa na bendera juu, tukaambiwa tusilifungue. Mama alilipapasa kwa kiganja pande zote, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Mpaka leo namba ngeni ikipiga naiacha ilie mpaka inyamaze. Halafu nakaa chini.

Mke wangu Nakhumicha anasema huo ni woga. Anasema kijana hawezi kukalia kiti cha babake milele. Ni kweli mimi ni mwoga. Lakini mwoga akipewa kazi ya kupima, anaweza kupima anavyotaka.

Mpango: nithibitishe kwamba pesa haivuti mtu.

Jumatano, 4 Februari

Siku ya kwanza, hapa hapa Matulo. Vijana sita. Tableti ndiyo inayosema nani apewe bahasha gani, siwezi kuigeuza. Lakini mdomo ni wangu.

Wa kijani wa kwanza alikuwa mwendesha bodaboda. Alisoma, akapiga mluzi, akaniuliza, "Buda, hii doo nakatiwa hapa hapa ama ni stori tu?" Nikamwambia pesa hiyo ni swali tu. Halafu nikasogeza kiti na kumnong'oneza habari za mabomu yanayofukiwa barabarani. Nikamweleza kuhusu mtu ninayemfahamu ambaye hununua soksi jozi nzima na kutumia moja. Kijana akairudisha bahasha. Hangeenda. Nikaandika: hangeenda.

Kwa mwenye bahasha nyeupe nilipaza sauti. Nyama kila siku. Blanketi mbili nzito. Viatu visivyoisha soli. Bendi inapiga asubuhi, na wewe unatembea kama chifu. Na mwisho, sijui lilitoka wapi, nikasema kwamba mzazi ambaye mtoto wake amevaa kombati hatembei kando ya barabara, hutembea katikati. Kijana akasema angeenda hata bila mshahara.

Wanne waliobaki vivyo hivyo. Kusifu jeshi mchana kutwa kunachosha kuliko kulima.

Njiani mzee wa kijiji alinisimamisha, akauliza kama nimetumwa na serikali kuuza vijana. Nikamjibu natafuta maoni tu. Akasema hata ndugu zake Yusufu walianza kwa kutafuta maoni.

Ijumaa, 6 Februari

Soko la Chwele, siku nzima. Nakhumicha huuza mitumba soko hilo hilo, kwa hiyo nilikaa upande wa kuku, mbali na nguo. Bahati yangu ni ileile. Alikuja upande wa kuku kutafuta chenji, akasimama nyuma yangu wakati nikiwa katikati ya blanketi na bendi. Sikumwona. Nilimwona kijana niliyekuwa nikimhoji akitabasamu juu ya bega langu.

Jioni kulikuwa na kuku mezani, na si Krismasi. Nilimwogopa kuku huyo kabla sijamgusa. Nakhumicha akaniwekea firigisi, akasema taratibu, "Baba Derrick, kumbe moyo wako umepona."

Derrick akaacha kula. Akauliza kama ni kweli nilisema maneno hayo sokoni. Nilipaswa kusema nini? Nikamwambia ni kazi, maneno ya karatasi, si yangu. Akasukuma sahani yake mbele kidogo na kwenda kufunga ng'ombe.

Nimeshukuru Mungu hakuuliza zaidi.

Jumatatu, 9 Februari

Madam Nyambu amepiga simu. Anasema tarakimu za kutoka kwangu ni za ajabu. Kila mahali kijani kinashinda, isipokuwa Bungoma kwangu, ambako vijana wanataka kwenda bure na wanakataa wakilipwa. Akauliza kama nasoma swali kama lilivyoandikwa. Nikamwambia neno kwa neno, kama wimbo wa kitabuni.

Halafu akasema ni matokeo muhimu sana, na ili kuwa na uhakika nitafanya siku zilizobaki huko Trans-Nzoia, bega kwa bega na Bilha.

Nikajibu vyema, nikakata simu kabla hajaongeza jina lingine.

Jumatano, 11 Februari

Moi's Bridge, mpakani mwa Trans-Nzoia, kwenye stoo ya mahindi. Bilha anakaa ukuta mmoja, mimi ukuta wa pili. Anasoma swali, anashukuru, anaita mwingine. Dakika kumi kila mmoja. Mimi dakika arobaini. Mara mbili nimemwona akitazama saa, kisha akinitazama.

Wangu wa kijani mchana alikuwa Wahome, mbeba magunia, shingo nene kama ya fahali. Nilimpa yote. Mabomu, soksi, hata jeneza lisilofunguliwa, ambalo sikuwa nimemtajia mtu yeyote kabla yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Akafuta jasho. Akasema babake aliangukiwa na magunia katika stoo hiyo hiyo, wakamtoa kwa mkokoteni, na hakuna aliyemletea bendera. Kisha akauliza asaini wapi.

Nikamwambia hakuna pa kusaini, ni swali tu.

Niliandika: hangeenda. Kidole kilikuwa kizito. Ni uongo wa kwanza nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana wale wengine angalau waliusema wao.

Tulipokuwa tukifunga virago Bilha akaja akasimama mbele yangu. Hakuwa na ukali. Aliniuliza, "Mzee, kwani unaogopa nini?" Nikamwambia jua. Akasema jua limekuwa nyuma ya stoo tangu saa nane.

Ijumaa, 13 Februari

Siku mbaya kuliko zote.

Tulikuwa kwenye hoteli moja mjini Kitale, huko huko Trans-Nzoia, tunakula githeri. Bilha akasema, kama mtu anayeongea habari za mvua, kwamba tableti zinarekodi sauti. Si kila mahojiano, ni yale zinayoyachagua zenyewe. Nairobi kuna watu wanaokaa na kusikiliza. Akauliza kama sikusikia siku ya mafunzo. Siku ya mafunzo nilikuwa nikimfikiria Derrick.

Nikaweka kijiko chini. Nikauliza ni mahojiano mangapi. Hajui. Labda moja kati ya matano.

Hapo hapo simu yangu ikalia. Namba ngeni, ya Nairobi. Nikaiacha ilie. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Bilha akasema, "Si ushike, mzee." Nikamwambia ni watu wa kuuza mbolea.

Tuliporudi Moi's Bridge nilitembea peke yangu mpaka daraja la Nzoia na tableti ndani ya koti. Nilikuwa nimeamua kuizamisha. Maji yalikuwa machache kwa sababu ya kiangazi, lakini yangetosha. Mwisho wa daraja kulikuwa na askari polisi wawili wamesimamisha lori. Mmoja akaniona nimeinama juu ya ukingo, akanijia mbio, akanishika mkono, akanisihi nisifanye hivyo, ati dunia ni kupanda na kushuka. Akaninunulia maji ya chupa. Akanisindikiza mpaka stoo na kunikabidhi kwa Bilha, akamwambia anichunge.

Bilha alinisogezea gunia nikae. Aliketi nami mpaka gari la kurudi likajaa. Alisema yeye alijaribu kuingia jeshini mara mbili, akakosa urefu kwa upana wa vidole viwili, na mamake alilia kwa furaha mara zote mbili, na yeye hajamsamehe mpaka leo. Nilitaka kumweleza habari za Derrick. Mdomo ulifunguka. Gari likapiga honi, nikapanda.

Jumapili, 15 Februari

Wamekuja. Nyumbani, tukitoka kanisani. Gari jeupe. Madam Nyambu na mwanamume aliyevaa kiraia, lakini nywele zimekatwa karibu na ngozi na viatu vinang'aa mpaka unajiona. Nilijua mara moja ni mwanajeshi. Nilimwomba Nakhumicha achemshe chai, ili asiwepo wakinifunga.

Madam Nyambu akaweka simu mezani na kubonyeza. Sauti yangu ikatoka. Nyama kila siku, blanketi mbili nzito. Yote, mpaka katikati ya barabara.

Akauliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akauliza kama ninakubali. Nikasema nakubali, nakubali yote, na wanisamehe, nina mke na watoto wawili. Yule mwanamume akacheka kwa upole, kama daktari. Wakaendelea kuongea, lakini masikio yangu yalikuwa yanavuma kama kinu na sikusikia hata nusu. Niliambulia tu kwamba mahojiano mengi ya kijani hayasikiki, ni kama mtu anayenong'ona, na kwamba siku nyingine nikae karibu na tableti.

Akanipa karatasi. Nikasaini bila kusoma. Nikasaini tena pembeni, na tena nyuma ambako hapakuwa na mstari, nisionekane mbishi.

Mwanajeshi akanipa mkono. Wakanywa chai. Wakaondoka bila mimi.

Nakhumicha anasema mtu mwenye hatia hapewi mkono. Yeye hajui desturi zao. Nimepakia sweta na mswaki kwenye mfuko na kuuweka nyuma ya mlango, endapo watarudi.

Jumanne, 3 Machi

Hawakurudi. Majuma mawili sikusikia chochote. Kazi iliisha, nikarudisha tableti, nikalipwa. Nilianza kula vizuri. Leo nimekwenda kinuni na debe la mahindi.

Mwenye kinu ana redio juu ya dirisha. Foleni ilikuwa ya akina mama kama kumi. Habari zikaisha, likaingia tangazo. Bendi kwanza. Halafu mimi.

Nyama kila siku. Blanketi mbili nzito. Viatu visivyoisha soli. Na nilipofika kwa mzazi anayetembea katikati ya barabara, nilisikika kama mhubiri. Kisha mwanamke akasema kwamba usajili wa makurutu ni Jumanne ijayo, uwanjani Webuye, vijana wote wafike na vyeti.

Foleni nzima ikanigeukia. Mama mmoja akanipisha mbele.

Nimempigia Madam Nyambu. Amefurahi kunisikia. Akaeleza tena yale aliyoyaeleza siku ile kwangu, nami nikasikia kwa mara ya kwanza. Utafiti umeonyesha kwamba Trans-Nzoia pesa inavuta. Vijana wa huko watapewa laki tatu, kwa majaribio. Bungoma pesa haivuti. Kinachovuta Bungoma ni maneno ya Mzee Wekoye, yaani mimi. Kwa hiyo vijana wa Kitale watapewa laki tatu. Vijana wa Bungoma watapewa sauti yangu.

Niliacha unga kinuni. Nimetumana uletwe.

Jumatano, 4 Machi

Nilikuwa shambani na ng'ombe, nikilima kabla ya mvua. Derrick akaja kutoka upande wa barabara. Hakuwa akikimbia. Alishika jembe la ng'ombe upande mmoja kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, tukaenda mstari mzima mpaka mwisho.

Tulipogeuza ng'ombe akasema, "Baba, nimekusikia kwa redio."

Nikamwambia yale ni maneno tu. Akasema ndiyo, hata sokoni nilisema hivyo, lakini mtu haendi redioni akasema asichokiamini, mbele ya kaunti nzima, na ukoo mzima ukimsikia.

Nikamkumbusha habari ya pesa. Nikasema mshahara wenyewe mdogo, hakuna kitu cha mwanzoni, wa Kitale ndio watakaopewa. Si yeye mwenyewe aliyesema bila kitu cha mwanzoni haendi?

Akainama akang'oa nyasi kwenye ulimi wa jembe. "Hiyo pesa nilikuwa nasema tu, Baba. Ningemwambia mama nini? Nilikuwa nangoja wewe useme. Tangu babangu mdogo Mukhisa, hujawahi hata kutaja neno jeshi hapa nyumbani. Nilisema nikienda bila neno lako, nimekwenda na laana."

Ng'ombe walisimama. Mimi pia.

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi, palikuwa na upepo, hapakuwa na mtu mwingine. Ningesema: mwanangu, sikutaka, ninaogopa, nilidanganya kila mtu. Maneno manne au matano. Lakini alikuwa ananitazama hivi, kama mtu aliyetua mzigo, na niliogopa kuuona uso huo ukibadilika. Nikasema, "Shika kamba."

Nimepima vijana arobaini kwa bahasha mbili. Wangu mwenyewe sikumuuliza.

Jumatatu, 9 Machi

Nakhumicha amejua habari ya laki tatu. Bilha ndiye aliyemwambia. Alinipigia, nikaogopa kushika, mke wangu akashika. Wamezungumza kama nusu saa. Sijui yote waliyozungumza. Najua tu kwamba mke wangu alikaa kwenye kigoda, akauliza polepole kama ni kweli majirani wa upande wa pili wa Nzoia watalipwa na mtoto wake ataenda bure, kwa sababu ya hesabu za mume wake.

Hakunipigia kelele. Amenipa ugali na chumvi.

Bilha alituma salamu. Wahome ameitwa kwenye usajili wa Kitale.

Kesho ni Webuye. Nina mpango. Vyeti vya Derrick viko kwenye bahasha kubwa ya khaki juu ya kabati. Nimevitoa na kuweka vyeti vya chanjo za ng'ombe. Sipendi, lakini baba akizuia gari kwa mwili wake, watu huuliza kama alipenda?

Jumanne, 10 Machi

Vijana labda mia nane uwanjani. Wengine wamevaa kaptura za shule. Walikuwa wakirudia zile sifa zangu za jeshi wakipasha misuli moto. "Blanketi mbili," mmoja anasema. "Nzito," mwingine anajibu.

Nilisimama kwenye kamba nikingoja Derrick afukuzwe mezani. Akafika. Akafungua bahasha. Akatoa vyeti vyake, vyote, safi. Nakhumicha alikuwa amesimama kando yangu. Hakunitazama. Alisema tu kwamba chanjo za ng'ombe zimerudi mahali pake.

Derrick akakimbia. Wa nne kati ya wote. Wakamwangalia meno, kifua, nyayo. Kila mara nilipotarajia aondolewe, alisogezwa mbele.

Basi nikapita chini ya kamba. Sikuwa nimepanga. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilimfikia sajini mmoja mrefu mwenye orodha, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kijana namba mia mbili na kumi na saba ana pumu, huwa anabanwa usiku, mimi ni babake nafahamu.

Sajini aliinua kichwa. Hakuangalia orodha. Akasema, "Hii sauti naijua."

Nikakana. Kwa kukana nikazidi kusikika. Akaita wenzake. Akaniuliza kama ni mimi mzee wa blanketi. Yule mwanajeshi mwenye viatu vinavyong'aa akatokea, sasa amevaa kombati, akanipa mkono tena mbele ya watu wote. Kabla sijamaliza kusema pumu mara ya pili nilikuwa nimepandishwa kwenye jukwaa na kipaza sauti mkononi.

Mia nane wananitazama. Derrick katikati yao, kifua wazi, namba imeandikwa kwa kalamu nene.

Ningesema wakati huo kila kitu. Nilivuta pumzi niseme. Nikaona bunduki za walinzi, nikamwona chifu, nikamwona mke wangu. Na mdomo, wenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya kisimani, ukasema: nyama kila siku.

Walishangilia mpaka mabati ya jukwaa yakalia.

Derrick amechukuliwa. Jioni alikuja kunishika mikono yote miwili. Hajawahi kufanya hivyo tangu atoke jandoni. Nilimwambia avae soksi kavu. Ndilo neno la kweli pekee lililotoka kinywani mwangu mwezi huu.

Jumapili, 22 Machi

Ameondoka leo kwenda Eldoret, kambi ya makurutu. Mvua ilikuwa imeanza. Nakhumicha alimwombea, Joy akambebea begi mpaka barabarani. Watu wa Matulo walitoka kutuona, wakanipisha nitembee katikati ya barabara. Nilitembea. Pikipiki mbili karibu zinigonge.

Tulipokuwa tukingoja gari nilimvuta kando. Nikamwambia habari ya jeneza, jinsi bibi yake alivyolipapasa. Sikusema zaidi. Akasema anajua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa amejificha chini ya meza iliyowekwa jeneza, aliviona viganja vya bibi yake vikishuka pembeni. Anaogopa pia, akasema. Halafu akapanda.

Nilisimama pale hata gari lilipopotea. Miaka tisa nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyeona viganja vile.

Jumatano, 15 Aprili

Makurutu wamenyang'anywa simu, lakini wanaruhusiwa barua. Anwani tumeipata. Nimekaa nayo siku tatu nikiitazama.

Nimefikiri sana. Utafiti wote ule umenionyesha jambo moja kubwa. Si pesa inayompeleka kijana, wala si pesa inayomrudisha. Ni neno la baba. Watu wa Nairobi hawakuligundua hilo, mimi nimeligundua. Kama neno langu lilimpeleka, basi neno langu litamrudisha. Ni hesabu rahisi, hata Bilha hawezi kuisahihisha.

Ukweli ninao. Ningeweza kumwandikia tu kwamba ninaogopa, namkumbuka, nasikiliza kila gari linalosimama barabarani. Nilianza hivyo. Mistari miwili. Ilionekana mifupi na haina nguvu, nikaichana.

Nimeandika nyingine, kurasa tatu. Ng'ombe mmoja amekufa, ingawa anakula nyasi hapa dirishani. Mahindi yameliwa na viwavi. Joy amefukuzwa kwa ajili ya karo. Mimi mwenyewe siwezi kuinuka kitandani, na naandika kwa mkono wa kushoto. Hata mwandiko nimeupindisha.

Nakhumicha amesimama nyuma yangu akaisoma mpaka mwisho. Akasema yeye anamjua mtoto wake. Akisoma hivi hatarudi. Ataomba abaki huko hata wakati wa likizo, akate mshahara wake wa kwanza wote alete nyumbani, na akisikia kuna wanaopelekwa ng'ambo ya mpaka kwa marupurupu zaidi, atakuwa wa kwanza kuinua mkono. Akaniomba niichane.

Kalamu ilisimama aliposema ng'ambo ya mpaka. Lakini mke wangu ni mtu wa mitumba, hajawahi kufanya kazi ya utafiti.

Nimeongeza kwamba paa linavuja. Naituma kesho asubuhi.